Kitabu Kinachoanza kwa Kulala

12 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima na magoti yanakutii. Sisi huku ni wazima kiasi chetu. Baba amepata miwani mipya, na sasa anaona vumbi ambalo zamani halikumsumbua. Kila akija kwangu anapitisha kidole juu ya kabati, kisha ananyamaza, na wewe unamjua kaka yako, kimya chake ni hotuba. Anakusalimu. Anauliza kwa nini simu yako haipatikani. Nimemwambia umeizima na kuifungia kabatini ili isichakae, akasema ndivyo ulivyofanya na viatu vya shule.

Chumba changu ni kilekile cha ghorofa ya tatu, meza chini ya dirisha, mkeka umeviringishwa nyuma ya mlango. Nautaja mkeka kwa sababu ndio unaoniandikisha barua hii.

Shangazi, yoga imenichosha. Sisemi mwili umechoka, mwili hauna neno. Ni mimi. Tangu nilipoletwa kwako nina miaka kumi na moja, hii ni miaka kumi na sita, kila asubuhi najinyoosha kama ulivyonifundisha. Siku hizi natandika mkeka kama karani anayesaini daftari la mahudhurio: nimefika, nipo, nimeondoka. Napumua kwa sababu imeandikwa nipumue. Na kile kilichokuwa kinakuja baada yake, mkono kuwasha kwa kutaka penseli, hakiji tena.

Na kimeacha kuja wakati mbaya. Nimepewa kitabu cha watoto nikichoree picha kumi na mbili, hadithi ya msichana anayekimbiza kofia yake iliyochukuliwa na upepo. Mtu angesema ni kazi ya kuchezea. Picha nne za kwanza zimerudi. Mhariri wangu, mama asiyepoteza maneno, aliandika ukingoni kwa penseli: "Huyu mtoto hakimbii. Amesimamishwa." Nilimtazama mtoto, nikaona kweli amesimamishwa.

Nikasema labda mazoezi yangu yameingia kutu, yanataka fundi. Nikajiandikisha darasani, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la rangi, sakafu ya mbao, watu kama kumi na watano. Siku ya kwanza mwalimu akasema tuanze. Mimi nikalala chali, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, wote walikuwa wamesimama wananitazama. Mwalimu akaniambia kwa upole, na upole ndio ulioniua: "Dada, hapo ni mwisho. Umeanzia mwisho."

Kumbe dunia nzima huanza kwa kusimama na kumaliza kwa kulala. Ni mimi na wewe tu tunaoanza kwa kulala na kumaliza wima kama walinzi wa benki. Mwalimu akaniuliza nani alinifundisha. Hilo tuliache.

Ninachotaka kukuuliza ni kuhusu kile kitabu chako cha jalada la bluu tulichojifunzia. Mwalimu anacho chake, nimekipekua. Picha ni zilezile, watu ni walewale wenye kaptula, ila ukurasa wao wa kwanza ndio wetu wa mwisho. Ulikisoma vipi, Shangazi? Kwenye karatasi ya pili nimekuandikia mpangilio sahihi, hatua kwa hatua. Ufuate. Sipendi kulisema, lakini miaka kumi na sita tumekwenda kinyumenyume, na mimi nimechoka kuwa kichekesho.

Mwanao,
Pambizo


3 Februari

Mwanangu Pambizo,

Marahaba. Barua yako ilipumzika posta siku tisa, nadhani nayo ilikuwa imechoka. Mimi sijambo. Kiwandani wamenipunguzia siku, sasa nafunga vitabu Jumatatu hadi Jumatano tu. Wameleta mashine ya gundi inayomaliza vitabu mia mimi nikiwa bado natunga uzi kwenye sindano. Vitabu vyake vinafumuka baada ya miezi miwili. Mimi sisemi kitu. Fundi saa wa hapa chini anakusalimu, bado ana saa ishirini ukutani na hakuna mbili zinazopatana. Mwambie baba yako viatu vyangu vya shule vilidumu miaka minne, vyake vilikuwa vinakwisha kabla ya muhula.

Sasa hilo lako. Nimelisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Nimefunga vitabu miaka thelathini na moja. Vya sheria, vya nyimbo, vya hesabu, madaftari ya ndoa na ya vifo. Sijawahi kuambiwa ukurasa umekaa pasipo pake. Kile kitabu nilipewa zawadi na mwenyewe, na kimefungwa kama kilivyofungwa. Huyo mwalimu wako alizaliwa mwaka gani?

Unasema yoga imekuchosha. Mkamia maji hayanywi, mwanangu. Siku hizi unaukalia mkeka kama mtu aliyekwenda kudai haki yake ofisini. Zamani hukudai kitu. Ulijinyoosha, ukanyanyuka, ukachukua penseli, basi. Ndiyo maana nikakuita Pambizo, maana hukuniachia karatasi hata moja ambayo ukingo wake ulikuwa mtupu. Hata ankara za kiwanda ulizichorea mbuzi.

Karatasi yako ya mpangilio sahihi nimeibandika ukutani, kwa gundi nzuri. Nitaufuata. Isije ikasemwa shangazi yako ni mzee asiyefundishika, ingawa samaki hukunjwa angali mbichi na mimi nina miaka sitini na mitatu.

Uliandika habari ya nani alikufundisha, halafu ukasema tuliache. Nimeliacha.

Shangazi yako


22 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Huku wote wazima. Baba ameirudisha ile miwani, anasema alikuwa anaona vizuri zaidi alipokuwa haoni. Harusi ya binamu imeahirishwa. Tunaambiwa sababu ni ukumbi, nami sijauliza zaidi.

Kama maneno yangu yalikuwa makali, naomba radhi. Lakini sikusema hujui kazi yako. Nilisema kurasa zimekaa kinyume, na hilo nimeliona kwa macho yangu. Nikasirikie utakavyo, ila usiniambie cheupe ni cheusi.

Hii ni wiki ya sita nafuata mpangilio sahihi. Mwalimu ananisifu. Nasimama, nainama, nakaa, mwisho kabisa nalala chali, mikono pembeni. Na hapo ndipo usingizi unaponibeba. Nyumbani naamka saa tatu asubuhi, mdomo mkavu, kichwa kimejaa pamba, naitazama meza yangu kama mtu anayetazama sinki la vyombo vichafu. Darasani wenzangu wananyanyuka nyuso zinang'aa, wanakunja mikeka wanakwenda kazini. Mimi natafuta kiatu. Nimebaki kuikasirikia yoga kama ndugu aliyehamia kwako: kumfukuza huwezi, kukaa naye huwezi. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi, ndiyo mimi.

Unaniambia nisidai. Shangazi, mimi ndiye ninayedaiwa picha kumi na mbili. Zimerudi mara ya pili. Safari hii mhariri ameandika: "Anakimbia kama anayepigwa picha ya pasipoti." Amenipa hadi tarehe thelathini Aprili. Zisipokuwa hai, kitabu atapewa mchoraji mwingine, na huyo mwingine namjua, ana mkono mwepesi na hana haya. Hiki kikiondoka sidhani kama nitaitwa tena. Nimeanza kusoma matangazo ya kazi za karani. Baba hajui, na usimwambie.

Nataka unijibu jambo moja tu. Wewe bado unafanya? Na ukifanya, bado unafurahi? Umeniambia umebandika karatasi. Hilo sikuuliza.

Mwanao,
Pambizo


29 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Huku wazima.

Zaidi ya mwezi sasa sijapata jibu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeshaumia. Kama umenuna, basi nuna kwa maandishi. Simu yako nimeipiga mara sita na kila mara iko kabatini. Nimemwuliza baba, akasema wewe ukikasirika hunyamaza hadi mkosaji azeeke.

Mimi picha zangu bado. Jana nimechana tatu. Darasani sikwenda Jumanne wala Alhamisi. Mkeka upo nyuma ya mlango, na nikipita pale nageuza uso. Sijui ninaukwepa kwa nini, haujanifanya kitu, lakini naukwepa.

Nijibu, hata kama ni kunitukana.

Pambizo


8 Aprili

Mwanangu Pambizo,

Marahaba. Usishangae mwandiko, ni wa fundi saa. Miwani yangu imepotea nikaona nimpe maneno aniandikie. (Miwani iko usoni mwake. Mimi ni fundi saa. Ameniambia nimsomee nikimaliza, nami nitamsomea ninavyojua mimi.)

Niko mzima kabisa. (Si kweli. Yuko kitandani wiki ya saba.)

Nilichelewa kukujibu kwa sababu kazi zilikuwa nyingi kiwandani. (Hajakanyaga kiwandani tangu Februari. Wenzake wamemletea matunda, amewaambia wayarudishe wakanywe juisi.)

Umeniuliza kama bado nafanya yoga. Nafanya. Nafuata mpangilio wako sahihi, na ni mzuri mno. (Binti, nisamehe, kalamu ni yangu, hapa nitaandika kirefu. Aliifuata ile karatasi ya ukutani siku kumi na nane. Karatasi inamalizia chini. Mimi nakaa chini yake, dari yangu ndiyo sakafu yake. Miaka yote nilikuwa nasikia hivi: kimya, kimya, kisha miguu miwili inasimama, kisha mluzi. Siku hizo kumi na nane nikawa nasikia mtu anahangaika kunyanyuka, anakokota kiti. Mluzi hakuna. Siku ya kumi na tisa alishika rafu ya vitabu ili ajivute, rafu ikamfuata. Nilimkuta chini ya vitabu kama arobaini. Daktari anasema nyonga ina ufa mwembamba, alale itulie. Neno la kwanza aliloniambia akiwa bado chini ya vitabu ni kwamba nisikuambie.)

Darasa lako usiliache. Mwalimu wako ni mtu aliyesomea. Mimi ni mfunga vitabu tu. (Hili alilisema amegeukia ukuta.)

Uliuliza pia kama nafurahi. Hilo tutaongea siku nyingine. (Hafurahi.)

Mhariri wako asikutishe. Chora.

Shangazi yako, kwa mkono wa jirani

(Amesinzia. Nafunga bahasha kabla hajataka nimsomee mara ya pili. Saa zangu zinasema ni saa nne, na pia saa tano kasoro.)


17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na pole. Pole sana. Fundi saa ni mtu mwema, usimguse.

Sijui nianze na hasira ipi. Wiki saba, Shangazi. Mimi nakuandikia habari za mtoto wa kwenye karatasi asiyekimbia, na wewe hufiki hata dirishani. Tena ni karatasi yangu mimi iliyokuangusha. Unaona ulivyonifanya? Hata msamaha naomba nikiwa nimekunja ngumi. Nisamehe. Nisamehe na siku nyingine useme unapoanguka, kwa sababu kunificha hakukunisaidia, kumenifanya mjinga.

Baba anakuja Jumapili na atakaa hadi umchoke. Mimi nitakuja tarehe thelathini ikipita.

Kuna lingine, nalo nililikwepa tangu Januari. Mwalimu aliponiuliza nani alinifundisha, nilimjibu nimejifunza mwenyewe. Watu kumi na tano walikuwa wananitazama, nikaona haya. Yoga sikuionea haya. Nilikuonea haya wewe. Sasa nimeliandika, huna haja ya kulibahatisha.

Asubuhi niliyopata barua ya fundi saa nilitandika mkeka kwa hasira tupu, nikafanya kinyumenyume, yaani kama sisi. Nililala kwanza, nikalia hapo vibaya, makamasi hadi masikioni. Kisha ubavu, kisha magoti, kisha ile ya kuinama tuliyokuwa tunaiita kufunga kitabu, na nilipofika kusimama nilikuwa macho kabisa. Nimesimama, uso kwa ukuta, mikono imepata moto na haina kazi. Nikachukua penseli. Karatasi iliyokuwa karibu ni bahasha ya fundi saa. Nikaibana ukutani kwa kiganja, nikachora wima hivyohivyo. Ni mguu mmoja tu, kisigino kimeinuka. Lakini ule mguu unakimbia, Shangazi. Nimeutazama siku nzima na bado unakimbia.

Sasa ndiyo sielewi kabisa. Kama kitabu chako kilikosewa, mbona kosa linafanya kazi na usahihi unanilaza? Na kama hakikukosewa, mbona ulinijibu kwa ukali ule? Niambie ukweli. Heshima yangu kwako haitapungua hata chembe. Hasira huenda ikaongezeka, lakini hiyo umeshaizoea.

Pambizo


29 Aprili

Mwanangu Pambizo,

Marahaba. Mwandiko ni wangu. Umelala kidogo kwa sababu nami nimelala.

Baba yako amefika na anapitisha kidole juu ya kila kitu. Chai yake ina rangi ya maji ya kudekia. Nimempiga marufuku jikoni, amehamia kwa fundi saa, wanabishana kutwa kuhusu ni saa ngapi. Fundi saa nimemsamehe, ila sijamwambia.

Hili la kunionea haya limeniuma, siwezi kukudanganya. Nilikaa nalo siku tatu nikiwa nimeandaa jibu la kukuchoma. Kisha nikaona sina mdomo wa kukuchoma nao, kwa sababu mimi nimefanya lilelile.

Kile kitabu hakikuwa zawadi. Alikileta kiwandani bwana mmoja, kimelowa, kurasa zimeachana, kingo zimeoza pamoja na namba zake. Maandishi yake siyajui hata herufi moja. Msimamizi alisema turudishe. Mimi nikasema hakuna kitabu kinachonishinda. Nikazianika kurasa, nikazitandaza kwenye sakafu ya chumba changu, nikazipanga kwa kufuata picha. Nilifikiri hivi: mtu huwa amelala, akaamka, akakaa, akasimama, akaenda kazini. Ndivyo siku ya kila mtu ilivyo. Basi picha za kulala nikaziweka mwanzo, za kusimama mwisho. Nikashona, nikatia gundi, nikavisha kitambaa cha bluu. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Bwana alipokuja kuchukua alifungua, akacheka mbele ya kiwanda kizima. "Mama, umenifungia kitabu kinyumenyume. Huanza kwa kusimama, humalizika kwa kulala." Nikamwambia labda huko kwao. Akakisukuma upande wangu wa kaunta, akaondoka. Wenzangu walinitania mwaka mzima. Ni kazi yangu moja tu iliyorudishwa kwa miaka thelathini na moja, na nilipanga kuifumua Jumamosi niishone upya.

Jumamosi hiyo ndiyo baba yako alikuleta, na begi lako moja. Nyumba yenu ilikuwa imevunjika, wazazi kila mmoja na njia yake, na wewe hukutaka kuongea na mtu. Kutoka kitandani hukutaka. Ulilala chali unatazama dari hadi saa tano asubuhi, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilibembeleza, nikatisha, nikaimba. Siku ya nne niliishiwa maarifa. Nikachukua kile kitabu kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, nikalala sakafuni kando ya kitanda chako, nikafungua ukurasa wa kwanza nikakuonyesha. Nikasema, tazama, huyu naye amelala. Ukatazama sana. Ukasema, "Hii naiweza." Ndiyo sentensi ya kwanza niliyoisikia kwako.

Tulikwenda ukurasa mmoja mmoja. Ilituchukua karibu mwezi kufika pale wanaposimama. Siku hiyo ulisimama uso kwa ukuta, ukanyoosha mkono, ukachukua penseli yangu ya kutilia alama, ukaanza kuchora kwenye karatasi niliyoibandika kukinga ukuta usipate gundi. Sikukuuliza unachora nini. Nilikwenda jikoni nikalia kama wewe, hadi masikioni.

Sasa niambie, ningekifumuaje? Kingeanza kwa kusimama, na wewe kusimama ndiko kulikokushinda.

Lakini kosa ni kosa. Nililifanya, nikalificha, na ulipoligusa nikakukaripia. Nilikuwa naogopa utacheka kama yule bwana. Nisamehe, mwanangu.

Karatasi yako nimemwambia baba yako aibandue. Imetoka na rangi ya ukuta.

Yoga sijafanya tangu nianguke, na sitaki kuisikia. Naukasirikia huu mwili, naikasirikia nyonga, naukasirikia mkeka ulio hapo pembeni unanitazama. Kutokupiga mluzi kumeniharibia asubuhi zangu zote. Daktari anasema ufa umeziba, nianze kujinyoosha pole pole. Nimemjibu nitaanza nikiweza kusimama.

Picha zako ulizochora utotoni zipo, nimezishona. Jalada la kijani.

Shangazi yako


7 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma ngazini, sikuweza kusubiri kufika juu, na jirani wa ghorofa ya pili akadhani nimefiwa.

Tarehe thelathini nilipeleka picha tisa badala ya kumi na mbili. Nilijua naweza kunyimwa kazi kwa hilo, nikapeleka. Zote nimezichora nikiwa nimesimama, karatasi imebandikwa ukutani, asubuhi mara tu nikitoka mkekani. Mhariri alikaa nazo siku tatu bila neno, nami siku tatu hizo sikuwa mtu wa kusemeshwa. Amekubali saba, amerudisha mbili. Kwenye moja ya zilizorudi ameandika: "Sasa kofia ndiyo inayochelewa." Hizo mbili na tatu ambazo sijazichora anazitaka mwisho wa mwezi huu. Mchoraji mwingine hajaitwa. Zile mbili zimenikera hadi leo, lakini ni kero ya mtu mwenye kazi.

Sitakudanganya kwamba kila asubuhi ni raha. Jana nilijinyoosha nikiwa nimenuna, nikamaliza nimenuna. Ila juzi, nilipokuwa najigeuza kwenda ubavuni, goti lililia ko, nami nikacheka peke yangu chumbani. Nilikuwa nimesahau kwamba ndani ya yoga kuna kucheka. Tangu lini sijacheka mle, sikumbuki, na hilo limenihuzunisha kidogo.

Darasani nimerudi. Mwalimu aliposema tuanze, nililala chini, wote wakiwa wamesimama. Nikamwambia nimefundishwa na shangazi yangu, mfunga vitabu, na kwetu tunaanzia hapa. Amesema anaomba kukiona hicho kitabu. Nimemjibu nitamwuliza mwenyewe.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililoniandikisha. Unasema utaanza ukiweza kusimama. Shangazi, hayo ni maneno ya yule bwana. Wewe hukuniambia hivyo nilipokuwa na miaka kumi na moja, na mimi sikubali uyaseme sasa. Nimekasirika, na safari hii nina haki.

Nafika Jumamosi kwa basi la kwanza. Usihangaike kunifungulia, baba atanifungulia. Usijaribu hata kukaa. Nikukute umelala hivyohivyo, chali, unatazama dari, umenuna kama unavyotaka. Nitaingia, nitavua viatu, nitalala sakafuni kando ya kitanda chako, na wala hatutaongea kama hutaki. Nawe utakuwa umeshaanza.

Mwanao,
Pambizo